Malezi ya Lilian, Kazi ya Mikono Yangu

Jumamosi, 6 Desemba

Shule zilifungwa jana. Leo nimeshaaibishwa.

Mchungaji alipita asubuhi hapa Kibeta, kwa miguu, bila taarifa. Nilikuwa sebuleni na singlendi iliyotoboka. Nikajibanza nyuma ya pazia. Lilian akafungua mlango. Binti wa miaka minane! Akamwambia Mchungaji, bila kupepesa jicho, kwamba baba ameenda Ngenge kumzika Babu Rugaibula. Akaongeza kwamba marehemu alivimba miguu. Akaongeza kwamba ameacha ng'ombe.

Mchungaji akasema kwa upole kwamba anavyokumbuka, Mzee Rugaibula wa Ngenge alifariki Septemba, siku ile ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba choo cha kanisa. Na mwaka jana pia, siku ya kupaka chokaa.

Haya, ni kweli. Baba mdogo Rugaibula nimeshamuua mara mbili. Mgongo wangu na sururu havielewani, na mtu mzima ana haki ya udhuru. Lakini mtoto! Nani anamfundisha mwanangu uongo? Shule? Televisheni? Jamii imeoza, na wanaooza kwanza ni watoto.

Mchungaji aliacha ujumbe kwa mke wangu, Agnetha. Kamati ya malezi ya usharika inatafuta mwenyekiti. Majina ni mawili: langu na la jirani yetu Mutembei. Tarehe 21, baada ya ibada, kila mmoja atasimama na familia yake na kueleza anavyolea. Kisha watu watachagua. Mimi nilihudhuria semina ya malezi Mwanza na cheti kipo ukutani. Mutembei ana nini? Ana kijana anayepiga magoti akisalimia. Basi!

Agnetha alipomaliza kunipa ujumbe alicheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani. Mtoto wa Mutembei alimpigia magoti Mchungaji kwenye kokoto zenye matope, na soksi nyeupe. Akina mama wakaguna kwa raha. Lilian wangu alitoa mkono mmoja, kama anakagua tikiti, na kumwambia Mchungaji "mambo".

Habari za msiba zimeenea. Kila mtu alinipa pole. Nilipokea, ningefanyaje? Jioni mama mmoja wa kwaya akaleta mkungu wa ndizi wa kufariji wafiwa. Ulikuwa mkungu mzuri sana. Agnetha alikataa kuupika. Nilimwambia kukataa chakula cha msiba ni kukosa adabu.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimepata! Usiku kucha nimewaza, asubuhi wazo likaja lenyewe. Lilian anakwenda Kishanda, Muleba, kwa mama yangu, Ma Alistidia. Mama alilea watoto wanane na hakuna hata mmoja aliyemwambia mkubwa "mambo". Anyooshwe huko, nimchukue kabla ya tarehe 21, nimsimamishe mbele ya usharika. Nani atauliza amenyooshewa wapi?

Agnetha alisema mtoto hahitaji kupelekwa Muleba, anahitaji baba wa kukaa naye. Nikasema ninakaa naye. Akasema ninakaa na simu. Dhuluma! Kwenye simu yenyewe nasoma mambo ya malezi.

Tulifika Kishanda mchana. Mama alikuwa kibarazani na beseni la ndizi. Kwake kuna desturi tangu tukiwa wadogo: kila jioni mnakaa pamoja kumenya, na kila mwenye kisu anasimulia siku yake, mazuri na mabaya. Hakuna anayegombezwa mpaka sufuria ifunikwe majani. Akanisogezea kigoda na kisu. Nikakumbuka kwamba nina simu ya haraka kupiga. Mama akamwambia Lilian kwamba nilikuwa hivyo hivyo tangu utoto, nikimenya ndizi moja na kuzifukia zilizobaki kwenye kibanja, kwenye migomba, ili nimalize upesi. Uzushi mtupu. Nilifukia mara chache tu.

Nikatoa maagizo. Apige magoti. Apokee kwa mikono miwili. Ajue kumenya. Aache uongo. Mama akaniuliza kama nataka aache uongo wote. Nikasema wote. Akaniuliza tena kama nina hakika, akiniita "waitu" kwa upole. Nikapandisha sauti kwamba mimi ndiye baba na nimesema wote! Mama alitabasamu na kuendelea kumenya.

Alhamisi, 11 Desemba

Ninaandika hotuba: "Misingi Saba ya Malezi Bora". Nimefika wa pili. Wa kwanza ni baba. Wa pili pia ni baba, lakini kwa maneno mengine.

Nikasikia Mutembei anawafanyisha watoto wake mazoezi uani. Nikapanda juu ya ndoo nichungulie juu ya michongoma. Alikuwa na kiboko mkononi, wale watoto wanapiga magoti, wanainuka, wanapiga magoti. Udanganyifu! Mtu anafundisha adabu kwa ajili ya uchaguzi! Kwa hasira nikasahau nimesimama kwenye ndoo. Nikaangukia shimo la mbolea. Mutembei akaniuliza kwa sauti kama nimeumia. Nikamjibu nilikuwa nakagua mbolea.

Jioni nikapiga simu Kishanda. Lilian alikataa kuja kwenye simu. Alisema yuko katikati ya kusimulia. Mimi, baba yake, nisubiri ndizi!

Jumatano, 17 Desemba

Nimemchukua. Sikuamini macho yangu. Alinipigia magoti, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita "tata", yaani baba, kama watoto wa zamani. Mama alisema mtoto hakuwa na tatizo, alikuwa hajapata wa kumsikiliza tu. Maneno ya wazee. Nilishukuru na kuondoka upesi.

Stendi ya Bukoba tukakutana na Mutembei. Nikamwambia nimekuwa na Lilian faragha, kwa mafunzo ya baba na mtoto. Lilian akasema, tena kwa adabu, kwamba alikuwa kwa bibi na mimi sikuwepo. Nikacheka kwa nguvu. Mtoto kachoka na safari.

Nyumbani akakaa jikoni na mama yake, akamenya. Kisu kinakimbia, ganda linadondoka zima! Mtoto wa mjini! Hapo hapo nikaona tarehe 21 yote mbele yangu: mkeka, beseni, mkungu, na usharika mzima unashangaa. Mutembei na magoti yake aende akalale.

Walikaa jikoni muda mrefu, wakicheka. Lilian alikuja kuniita. Aliniwekea kigoda na kisu cha pili. Nikasema kesho. Agnetha akapita na kusema ni vizuri nijue kinachofanyika pale wakati wa kumenya. Nikamjibu kinachofanyika ni kumenya.

Jumamosi, 20 Desemba

Baba mdogo Rugaibula amepiga simu kutoka Ngenge, amekasirika. Wanakwaya wamepita kijijini kwake na kumkuta analisha ng'ombe. Mmoja alikimbia. Nikamwomba atulie kwake, asionekane Bukoba mpaka uchaguzi upite, halafu nitamfufua taratibu. Lilian alikuwa mezani. Alisikiliza tu. Nikampa maelekezo ya kesho: aseme kumenya alifundishwa na baba. Alinitazama, akapiga magoti, akaondoa vikombe. Nidhamu hiyo!

Jumapili, 21 Desemba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika hivyo hivyo.

Mutembei alianza. Watoto walipiga magoti wote kwa pamoja, wakaimba, mdogo akalia. Makofi ya wastani.

Zamu yangu. Nikatandika mkeka. Nikaweka beseni na mkungu. Lilian akapiga magoti kwa usharika, akakaa, akashika kisu. Minong'ono! Akina mama wa nyuma walisimama waone. Nikachukua kipaza sauti na kutamka kwamba haya ndiyo matunda ya baba anayekaa na mtoto wake kila siku. Nikainama karibu na mkeka ili kipaza sauti kinase hata mlio wa kisu.

Kikanasa kisu, na kikanasa na maneno. Lilian alikuwa ameanza kusimulia siku yake.

Alisema asubuhi tata alikula maandazi ya watoto wa shule ya Jumapili. Alisema tata alimwambia aseme kumenya alifundishwa na yeye, lakini aliyemfundisha ni bibi wa Kishanda. Ganda likadondoka. Akachukua ndizi nyingine. Alisema Babu Rugaibula hajafa, jana alipiga simu, na tata kamwambia akae amekufa mpaka uchaguzi upite. Usharika ukalipuka kwa kicheko. Mama aliyeleta mkungu wa msiba hakucheka. Nilijaribu kuzima kipaza sauti. Nikaongeza sauti!

Ndipo akasema kwamba leo amefurahi, kwa sababu tata amekaa karibu yake wakati anamenya, na ni mara ya kwanza.

Kicheko kikakatika. Agnetha alitazama sakafu. Nikalegeza tai, bila shaka ni joto.

Mchungaji akashuka madhabahuni, akakaa kwenye mkeka na joho lake, akaomba kisu. Akamenya vibaya sana. Akasema wiki hii hajazungumza na kijana wake hata mara moja. Kisha Mutembei, mnafiki mkubwa, naye akakaa! Akasema magoti ya watoto wake ni ya kiboko na anaona haya. Kijana wake akamsogelea, akamwegemea. Watu wakafuta machozi. Kwenye mkeka wangu! Kwa ndizi zangu! Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, na kipaza sauti na utomvu kwenye shati jeupe.

Uchaguzi ukafanyika. Mutembei alijitoa. Amechaguliwa Agnetha. Mke wangu! Hata jina halikuwepo!

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeliwaza jambo hili usiku kucha na mkosaji nimempata. Ni mama. Nilimpelekea mtoto wa kawaida, mwenye kasoro ndogo ndogo, akanirudishia mtoto anayesema kweli mbele za watu. Huo ni uharibifu. Nimeanza kumwandikia barua kali. Shule nayo ina lawama, kwa kufunga. Kanisa kwa kununua kipaza sauti chenye nguvu kupita kiasi. Mimi peke yangu nimefanya wajibu wangu, na mimi peke yangu ndiye niliyenyimwa salamu barabarani jana.

Mchana Lilian alimwomba mama yake ruhusa ya kuhamia Kishanda, asome huko kuanzia Januari. Agnetha alimuuliza kwa nini. Akasema huko jioni kuna watu. Agnetha akaja chumbani na kuniambia wazi kwamba kama sitakaa kwenye kile kigoda leo, na kesho, na siku zinazofuata, yeye mwenyewe atampeleka. Sikupenda sauti yake. Nilisema nitakaa. Nilimaanisha. Mtoto ni wangu, haendi popote.

Sasa jioni imefika. Kutoka hapa chumbani nasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Kigoda kimeshawekwa, nimekisikia kikigonga sakafu. Ila huwezi kumkalisha mtu jikoni asimulie siku yake wakati siku yenyewe aliitumia chini ya shuka. Nitasema nini? Nitaanza kesho, nikiwa na siku nzuri zaidi.

Lilian amekuja mlangoni kuniita. Nimemwambia kwa sauti ya chini, kupitia tundu la ufunguo, awaambie jikoni kwamba nimeondoka ghafla kwenda Ngenge. Babu Rugaibula amefariki.

Hakuondoka mlangoni. Kisha akaniambia kwa adabu, nadhani alikuwa amepiga magoti kwa sababu sauti ilitokea chini, kwamba Babu Rugaibula amefika sasa hivi na mkungu wake. Yuko jikoni anamenya. Amekaa kwenye kigoda changu.

Nimemwambia aseme ni babu mwingine.