Mtandao Uliofundishwa Kulala

Jumapili, tarehe 3 Mei

Na ijulikane kwa wote wanaohusika, na wasiohusika pia, kwamba kuanzia leo mtandao wa nyumba hii una saa ya kulala.

Anayehusika ni mmoja tu. Kocha, mdogo wake mke wangu. Alikuja kukaa wiki moja; hii ni ya kumi na moja. Tunamwita Kocha kwa sababu kila usiku anatazama mpira sebuleni kwenye simu yake na kuwapanga wachezaji kwa sauti, nami nimelala upande wa pili wa ukuta. Kumfukuza haiwezekani. Dada yake anampenda. Kwa hiyo, hila.

Mimi ni fundi saa, duka langu liko mbele ya nyumba hii, lakini kompyuta nimejifundisha mwenyewe. Ile mashine kuukuu ya kwenye kabati la korido niliifuta mwaka jana nikaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Waya wa kampuni ya mtandao unaingia kwake kwanza, ndipo yeye augawe nyumba nzima. Mlango mmoja, bawabu mmoja, na bawabu anamsikiliza bwana wake. Leo nimefungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaingia kwenye daftari la ratiba la mashine. Nikaandika: 4, zima. 12, washa. Yaani saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya Mungu.

Mistari miwili! Sikumwambia mtu. Nimelala roho kwatu.

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Usiku Kocha alipiga kelele kama kawaida. Bila shaka ametumia bando lake mwenyewe. Sikuuliza. Mwenye hila haulizi.

Saa moja asubuhi, taa ya mtandao kwenye mashine ni nyekundu. Ratiba inasema mtandao uamke saa kumi na mbili. Haujaamka.

Siku mbaya ya kuchelewa kuamka. Mke wangu amenikumbusha kwamba Alhamisi saa tatu asubuhi ana usaili, kwa mtandao, uso kwa uso na watu watatu. Ni mwalimu wa hesabu. Shule yake ilipunguza walimu mwaka juzi, na tangu hapo anawafundisha hesabu mafundi wenzangu wanaokuja dukani, bila wao kumwomba. Sasa kuna shule inayofundisha kwa mtandao inataka mwalimu mmoja. Walioitwa ni tisa. Akaniuliza kama mtandao utakuwepo siku hiyo. Nikaweka mkono kifuani. Akasema mkono kifuani ameshauona, anauliza mtandao.

Nikaingia kazini. Nikapiga ping, ile hodi ya kompyuta: mashine ikajibu kwamba mtandao haufikiki. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha namba ambazo sijui kazi yake, nikazirudisha. Nikakagua ratiba: mistari yangu imekaa vilevile nilivyoiandika, safi kabisa. Kosa si langu. Mwishowe nikapanda stuli, nikachomoa waya wa juu, nikaupuliza vumbi, nikaurudisha. Saa zote ishirini na tatu za dukani zikaanza kugonga saa sita mchana, na hapohapo taa ikawa ya kijani!

Vumbi. Nilijua.

Jumanne, tarehe 5 Mei

Nyekundu. Nimepanda stuli saa moja na nusu, nikapuliza hadi kichwa kikazunguka. Hakuna.

Nikajishusha nikapiga simu kwa kampuni. Baada ya muziki mrefu akapokea binti wa huduma kwa wateja. Akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Nikamjulisha, kwa upole wa mtu anayejua, kwamba natumia Linux. Akasema hiyo haipo kwenye karatasi yake. Akaenda kumtafuta mkubwa wake, nikarudi juu ya stuli na simu begani. Saa za dukani zikagonga saa sita. Kijani! Binti akarudi akasema wameshanirekebishia, baba, asante kwa subira. Nikamwambia si ninyi, ni stuli. Akaniuliza stuli ndiyo nini kwenye Linux.

Kocha amepita koridoni akasema, shemeji, ukishuka huko nipe taarifa ya hali ya hewa. Kwa kuwa asubuhi hakuna mtandao, amenunua bando la mwezi mzima. Vizuri. Aumie.

Mke wangu alikuwa dukani na penseli. Ameandika kitu nyuma ya risiti. Sikuuliza.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Ugunduzi mkubwa. Mashine huweka kumbukumbu ya kila kinachotendeka. Nimeisoma leo mstari kwa mstari, miwani puani. Inasema mtandao huzimwa kila siku 4 a.m., yaani saa kumi kamili alfajiri. Na anayetoa amri anatajwa kwa cheo: Mkuu.

Mkuu! Nani anajiita Mkuu katika nyumba yangu?

Nani anaamka saa kumi alfajiri? Nimefikiri kidogo tu. Kocha.

Nimemshtaki mbele ya dada yake wakati wa chai. Nikamwambia nina ushahidi kwamba anaamka alfajiri kuhujumu. Akaweka kikombe chini. Akasema, shemeji, mimi nimewahi kuitwa mengi, lakini kuitwa mtu anayeamka alfajiri, hiyo ni heshima ambayo hata mama yangu hajawahi kunipa. Dada yake akacheka mpaka chai ikampalia. Halafu akaniuliza huyo Mkuu ndiye nani hasa. Nikasema ni jina la mwenye mashine, mwenye neno la siri. Akauliza nani ana neno la siri. Nikasema mimi tu. Akaninyooshea kijiko. Nikamwambia ndiyo maana jambo hili ni zito.

Mtandao ukarudi saa sita. Nilikuwa juu ya stuli, uso dirishani. Nimeandika pembeni: kuelekea dirishani kunasaidia.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Siku ya usaili. Nimetega uzi mlangoni pa kabati ili nimnase Mkuu. Asubuhi uzi mzima. Taa nyekundu. Huyu si mtu wa kawaida.

Saa mbili na nusu niko juu ya stuli, uso dirishani, napuliza. Kocha ameshika miguu ya stuli bila kuombwa, anatangaza kama mechi: anapuliza, anapuliza, loo, amekosa! Saa tatu kasoro dakika tano nikashuka. Kazi ya mke wangu inakufa mikononi mwangu, na nane wengine wako kwenye viti vyao wamechana nywele.

Nikamkuta jikoni na kanga yake ya kulalia, anapaka mkate siagi. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza: usaili ni saa nane mchana. Aliwaandikia Jumanne waubadilishe. Kwa nini? Kwa sababu saa zikigonga sita, taa inawaka; ameandika kila siku nyuma ya risiti. Akasema, baba wee, saa ishirini na tatu zinalia mgongoni kwako, husikii hata moja?

Nikamwambia pia kila mara nilikuwa juu ya stuli. Ametafuna mkate.

Saa nane akaongea nao dakika arobaini. Mimi na Kocha tulisikiliza mlangoni. Alieleza sehemu za desimali hadi mmoja wa wasaili akasema, kumbe! Kocha alinishika mkono. Sikuutoa.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Amepata! Barua ilikuja Ijumaa. Kati ya tisa, yeye. Kesho saa nne asubuhi ana darasa la kwanza, wanafunzi thelathini na wawili. Nyumba imekuwa na raha siku tatu. Nimempa saa ya mezani isiyokosea hata sekunde, akaiweka kando ya kompyuta yake.

Usiku huu, baada ya kula, akataka kuona kabati. Nikamfungulia dirisha jeusi. Akapitisha kidole, akafika kwenye mistari yangu miwili. Akaisoma. Akaniuliza hii ni nini. Ikabidi niseme, na Kocha amesimama palepale.

Kocha alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe usiku mtandao ulikuwa unakimbia kama farasi, hajawahi kutazama mpira vizuri vile. Akauliza, akifuta machozi: shemeji, si wewe ndiye fundi saa?

Mke wangu akanieleza taratibu, sauti ya darasani. Kompyuta inaanza kuhesabu saa sita usiku. Nne yake ni saa kumi yetu ya alfajiri. Kumi na mbili yake ni saa sita yetu ya mchana. Tofauti ni sita. Akasema futa mistari yote miwili, sasa hivi. Nikasema sawa.

Lakini fundi hatupi saa kwa sababu inachelewa. Anairekebisha. Tofauti ni sita, mwalimu mwenyewe kasema. Nne ongeza sita, kumi. Kumi na mbili ongeza sita, kumi na nane. Nimeandika: 10, zima. 18, washa. Nikahifadhi. Akauliza koridoni kama nimemaliza. Nikasema kwisha kazi, na hapo sikusema uongo.

Kocha, usiku mwema.

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi: kijani. Saa moja: kijani. Saa tatu: kijani! Usiku Kocha alipiga kelele tena, lakini ana bando la mwezi, kwa hiyo si hoja. Nimekaa dukani nasafisha saa ya mkononi ya mwuza maziwa, napiga mluzi. Kupitia ukuta nikamsikia mke wangu anakohoa kidogo, anasema hamjambo wanafunzi.

Saa zote zikagonga saa nne. Nyekundu.

Kabla sijapata ndara zangu, Kocha alishafika na simu yake, ameshaunganisha bando, wanafunzi wameshamaliza kusema hatujambo. Darasa halikukatika hata dakika mbili. Mchana dada yake alimwambia, mbele yangu, kwamba haondoki nyumba hii kabla ya Desemba. Kocha ameshusha sanduku lake kutoka juu ya kabati na kutoa nguo zote kuzipanga kabatini.

Ratiba haihusiki. Ratiba nimeirekebisha kwa hesabu ya mwalimu. Nimechukua stuli. Nimepuliza. Nimeelekea dirishani. Mke wangu amekuja mara mbili kuuliza kama kweli nilifuta. Nimemwomba asiniondolee umakini.

Saa kumi na mbili kamili jioni taa ikawa ya kijani. Nilikuwa juu ya stuli.