Hataza ya Kibuyu cha Bibi

Jumamosi, 5 Juni 1976

Likizo! Nimefika nyumbani Usangu nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Lori kutoka Iringa lilisimama muda mrefu pale Nyololo, maana dereva ana shemeji huko na shemeji alikuwa anapika. Sikujali. Nilikuwa nawaza.

Naandika hapa kwa siri: mimi Shija, binti Nkuba, Kidato cha Tatu, nitapata hataza.

Mwalimu Liberatus alitueleza kabla ya kufunga shule. Mtu akigundua kitu kipya kabisa, serikali humwandikia kwamba ni chake, na hakuna mwingine wa kukitengeneza bila ruhusa yake. Hiyo ndiyo hataza. Mwalimu alilitamka neno kwa mashaka kidogo, lakini alilitamka akiwa amesimama wima. Nywele zilinisimama na mimi. Najua somo la siasa linasema mali ni ya wote. Nitagawa baadaye.

Kilichobaki ni kugundua.

Jumapili, 6 Juni

Bibi! Vifundo vya mikono yake vimevimba kama viazi. Hawezi tena kutikisa kibuyu cha maziwa. Ni kile alichokipakata njia nzima tulipohama Shinyanga na ng'ombe wetu, akakataa kumpa mtu mwingine akishike. Kila siku humimina maziwa mapya juu ya yale yaliyoganda, na kidogo cha chini hakimalizwi kamwe. Hicho ndicho mbegu. Kwetu, kumaliza kibuyu ni kama kuzima moto wa nyumba na kuondoka.

Wakati wa kula aliitazama mikono yake. Akasema mwanamke asiyeweza kutikisa kibuyu chake ni mgeni tu nyumbani kwa mwanawe, na mgeni hurudi kwao. Baada ya mavuno atakwenda kwa baba mdogo, Shinyanga. Baba akamwambia, mama, acha hayo. Bibi akamjibu kwamba ameshaacha mengi, hilo hataliacha.

Ugali ulibaki. Kwetu ugali haubaki.

Bibi haendi kokote. Naapa.

Jumatatu, 7 Juni

Nimempeleka Bibi zahanati. Nesi ni Dada Apolonia, mtu wa Igowole, mpole ila hataki mchezo. Alimpa vidonge vyeupe vilivyoandikwa na daktari wa misheni, kisha akaeleza vinafanya nini. Nilitafuta mahali pa kukaa.

Ndani ya damu ya Bibi mna askari! Ni chembe nyeupe, kazi yao kukamata vijidudu. Wa Bibi wamechanganyikiwa, wanamkamata mwenye nyumba na kumpiga vifundoni. Vidonge vinawaamuru wakae chini.

Bibi akauliza hao askari wanalishwa na nani.

Mimi nikauliza: wakikaa chini wote, nani atalinda mlango? Dada Apolonia alinitazama vizuri. Akasema hapo ndipo penye kazi. Kwa hiyo vidonge havichezewi, havikatizwi ghafla, na Bibi akipata homa aletwe siku hiyohiyo.

Njia nzima nilimtazama Bibi. Anatembea na jeshi zima ndani yake, anasalimia watu kama kawaida.

Habari mbaya: Benedicta yuko hapa. Ni mdogo wake Apolonia, na darasani yeye huwa wa kwanza, mimi wa pili. Aliniuliza ninasoma nini likizo hii. Nikamwambia sisomi, ninagundua. Sikupaswa kusema.

Jumatano, 9 Juni

Nimegundua!

Darasa lililosimama halifundishiki. Kwanza wanafunzi wakae. Vidonge vinawakalisha wale askari, sawa. Lakini kukaa si kujifunza! Anatakiwa mwalimu wa kuwafundisha kumtofautisha mwenye nyumba na mwizi. Mwalimu huyo ni nani? Ni vijidudu vyema vya maziwa ya mgando! Mwalimu Liberatus alisema vipo, vinaingia tumboni na kuishi humo bila ugomvi na mtu. Basi: maziwa ya Bibi pamoja na vidonge vya Bibi. Askari wanakaa, halafu wanafundishwa. Bibi anapona. Bibi habebi mzigo kwenda Shinyanga.

Nilisahau jiko nikaunguza mboga.

Nilimweleza Benedicta ili aone wivu, kisha nikamwapisha asimwambie mtu. Akasema kwao Igowole togwa, uji wao wa kunywa, nayo ni hai, inachemka yenyewe bila moto ukishatia kimea. Yeye ataombea hataza togwa na vidonge. Nikamwita mwizi. Akasema, we Shija, kwani hao wadudu umewazaa wewe?

Hana adabu. Ila swali lake limenikaa.

Alhamisi, 10 Juni

Jaribio la kwanza. Niliomba kidonge, Bibi akanikatalia kama Dada Apolonia mwenyewe. Bahati, vidole vilimshinda, kidonge kimoja kikaangukia jivuni. Akachukua kingine. Nikaokota kile, nikakisaga, nikakikoroga kwenye bakuli la mgando. Nilipogeuka kutafuta kijiko, mbwa wetu Polisi alikuwa amemaliza bakuli lote.

Nilikaribia kulia. Lakini sikilizeni! Jioni alikuja Mzee Abrahamu, balozi wetu wa nyumba kumi. Polisi humbwekea huyu mzee tangu siku ya kwanza, bila kupumzika. Leo kimya! Alilala chini, akamtazama balozi kwa upole. Balozi mwenyewe akauliza kama mbwa anaumwa.

Askari wa Polisi wamekaa! Na wamefundishwa! Nilitoka nje nikasimama peke yangu.

Ijumaa, 11 Juni

Polisi amembwekea balozi vibaya sana. Imejulikana kwamba jana mzee alikuwa ametoka kula nyama, ana mfupa mfukoni. Leo hakuwa nao.

Halafu balozi akasema amesikia habari za uvumbuzi (Benedicta!) na anapendekeza hataza iandikwe kwa jina la kijiji. Nikamjibu kwa heshima kwamba kijiji hakikusaga kidonge. Baba akaniambia nikafunge ndama.

Jumamosi, 12 Juni

Uyole! Baba alikwenda kituo cha utafiti kuulizia dume la mbegu, nikamwomba twende wote. Kwenye basi nilipakata chupa ya maziwa ya Bibi. Abiria wakauliza ni nini, nikawaeleza kuanzia Chimala mpaka tuliposhuka.

Bwana Antoni, mtaalamu wa maziwa, koti jeupe, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akachukua tone moja, akaliweka chini ya hadubini, akaniambia niinamie.

Sijui niandikeje. Mwanzoni niliona kope zangu. Kisha wakaja. Minyororo ya shanga, vijiti, wengi, wengi, katika tone ambalo ningelifuta kwa kidole. Hawa ndio waliotoka Shinyanga mapajani mwa Bibi. Wazazi wa wazazi wao walikuwa kwenye kibuyu cha mama mkwe wake. Tumewanywa miaka yote bila kuwasalimia. Nilisahau kufumba jicho la pili, machozi yakatoka. Bwana Antoni akasema hata yeye mara ya kwanza ilikuwa hivyohivyo.

Baba aliinama pia. Aliponyanyuka alikuwa ameshika kofia mkononi.

Kisha likaja la hataza. Bwana Antoni akaniuliza nani mwingine analijua wazo langu, maana hataza hutaka kitu ambacho hakijatangazwa. Nikataja: Benedicta, Dada Apolonia, balozi, na abiria wa basi zima. Akashika paji la uso. Akaongeza kwamba kwa sheria ya sasa, uvumbuzi husajiliwa kwanza Uingereza ndipo usajiliwe huku. Akasema pia kwamba mbwa mmoja na mfupa si ushahidi. Dawa na vijidudu kufanya kazi pamoja ndani ya mtu ni jambo la kupimwa na madaktari kwa muda mrefu, na vidonge vya Bibi nisivitie kwenye chakula chochote. Lakini swali, alisema, ni zuri. Swali ni zuri! Mtu wa koti jeupe!

Nikamwuliza sayansi inaanzia wapi. Akaonyesha chupa zake zinazong'aa rafuni. Akasema, binti, inaanzia kwenye usafi wa vyombo.

Nimeelewa kabisa.

Jumapili, 13 Juni

Usafi! Bibi alipokwenda kusalimia jirani, nilimwaga kile kidogo cha chini (Polisi alishukuru), nikakisugua kibuyu ndani kwa sabuni ya mche, mchanga na maji ya moto. Mara mbili. Miaka yote hiyo huoshwa kwa maji matupu na kufukizwa kaa la moto! Ndani kulikuwa kweusi, sasa kunang'aa. Nimemimina maziwa mapya. London wenyewe wangefurahi.

Jumanne, 15 Juni

Maziwa hayakuganda. Yamekatika, yana povu, yananuka duka.

Bibi alinusa mara moja tu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza yako wapi yale ya chini. Nikasema, Polisi. Akauliza nimeoshea nini. Nikasema.

Alikaa na kibuyu mapajani. Akasema mama mkwe wake alimpa mbegu hiyo siku aliyoolewa, naye alipewa na wake. Imevuka njaa, imevuka ukame, imevuka nchi nzima kwa miguu na lori. Basi, akasema. Imeishia hapa.

Nimewaua. Wote. Wale wa shanga.

Jumatano, 16 Juni

Bibi amefunga mzigo wake kwenye khanga. Hangojei mavuno tena.

Nilikimbia kwa Benedicta, kwa kuwa ni yeye tu anayejua bakteria ni nini. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nina akili. Akasema hata jikoni kwa dada yake lipo gudulia la mgando, mbegu alipewa na jirani yetu Mama Kashindye. Na Mama Kashindye alipewa na nani?

Na Bibi! Mwaka ule akina Mama Kashindye walipofika Usangu wakiwa na ng'ombe watatu na hawana hata chombo!

Tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tulikimbia mpaka kiatu cha Benedicta kikakatika.

Alhamisi, 17 Juni

Walikuja asubuhi. Mama Kashindye na kibuyu. Dada Apolonia na gudulia. Mke wa balozi. Mama wa Kisangu wa karibu na mfereji. Tekla, yule Mhehe anayeuza maandazi. Kila mmoja anasema, mama, hii ni yako.

Bibi alionja kimoja baada ya kingine, macho amefumba. Cha kwanza akasema kimekaa na watu wavivu. Cha mke wa balozi akasema kinaongea sana. Cha Tekla akakirudia mara mbili, akasema hiki kimeshajifunza Kihehe, lakini ndicho chenyewe. Wanawake walicheka mpaka Polisi akakimbia. Bibi alikuwa anacheka na kulia.

Wakamimina kidogokidogo kwenye kibuyu, baada ya kukifukiza vizuri. Wakakitikisa kwa zamu, Bibi akiwaongoza: polepole, huyo si mbuzi!

Kisha akafungua ule mzigo. Alisema kule Shinyanga mke wa baba mdogo hunywa chai ya maziwa ya kopo, mbegu kule haipo tena. Ipo hapa, kwenye nyumba hizi. Mtu hawezi kuwa mgeni mahali ambapo kila jiko lina kitu chake.

Halafu akaniita, akanivuta sikio. Akalivuta kwelikweli. Nikapiga kelele, vidole vimefunga! Bibi, vidole vimefunga! Wote tukaitazama mikono yake. Viazi vimepungua. Dada Apolonia akasema hizo ni kazi za vidonge, kwa kuwa vimemezwa kama alivyoelekeza, na ole wake atakayevigusa. Akanitazama mimi.

Ndani yake askari wanakaa. Mmoja baada ya mwingine. Siwezi kuacha kuwaza hilo.

Jumapili, 20 Juni

Nimekaa nikafikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Vidonge vilikuwapo tangu Jumatatu ile. Mgando ulikuwapo tangu zamani. Bibi bado alitaka kuondoka. Ni kitu gani kipya kiliongezwa, ndipo Bibi akabaki?

Sabuni!

Kwa hiyo uvumbuzi wangu haukuwa na vitu viwili. Ulikuwa na vitatu, na cha tatu hakuna duniani aliyekiwaza. London hawana habari. Nimewaambia Baba, balozi, Mama Kashindye na Tekla wasimwambie mtu.

Sasa lazima nirudie jaribio kwa chombo kingine, ili iwe sayansi. Benedicta ameniachia chungu chake cha togwa nimtunzie mpaka jioni. Amesema kile kidogo cha chini nisikiguse.

Ndani ni kweusi sana, maskini. Nimeshachemsha maji.