Jukwaa la Mahameli kwa Wimbo wa Mwisho

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema. Mpwa wangu amepita karakana mchana, nami nina misumari midogo mdomoni, nafunga mgongo wa kochi. Anaolewa Jumamosi. Anataka wimbo wa mwisho ukumbini uwe wa kukumbukwa, na anataka mama yake ainuke acheze. Mama yake ni dada yangu. Tangu afiwe na mume hajacheza popote. Hukaa kitini, pochi magotini, anatikisa kidole gumba cha mguu, basi. Mpwa akasema, Mjomba, hilo nakuachia wewe.

Mimi! Si baba yake mdogo, mwalimu wa michezo, tunayemwita Filimbi kwa sababu haivui shingoni hata msibani. Nimefurahi mpaka nikameza msumari mmoja. Au umeanguka. Tutajua.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limekuja nikipiga mswaki. Jukwaa la duara, limevikwa mahameli mekundu, linazunguka taratibu na maharusi juu yake. Dada ataona uzuri ule, moyo utalainika, atainuka mwenyewe. Mke wangu akauliza kwa nini nisimshike tu dada yangu mkono nikamwinua. Nikamwambia mambo ya ukumbi hayajui.

Chuma cha kuzungukia nimekipata. Daktari wa meno alileta kiti chake kishonwe, nami nimekifungua mguu wake unaozunguka. Wiki hii atang'oa watu meno wakiwa wamesimama. Pembeni nimetia magurudumu ya makochi. Kamba ya kuvutia nitaishika mimi nyuma ya pazia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepeleka jukwaa ukumbini, namkuta Filimbi kawapanga mashangazi mistari. Kulia, kushoto, chuchumaa, filimbi. Eti ni mazoezi ya wimbo wa mwisho. Nikauliza katumwa na nani. Akajibu kuwa bwana harusi ndiye aliyemwomba. Nikasema wimbo wa mwisho una mwenyewe. Akasema jukwaa langu linafanana na pipa lililovaa koti. Mpwa ikabidi aamue: mimi katikati, Filimbi awapange watu kuzunguka. Nikakubali kwa roho safi kabisa.

Alipoinama bombani kunywa maji, filimbi ikamning'inia mgongoni, nikatia kipande cha sponji ndani yake. Nimelala vizuri mchana huu.

Ijumaa, 7 Juni

Kumbe anazo mbili.

Jumapili, 9 Juni

Yametokea. Naandika bado nimechoka mikono.

Sherehe ilikwenda vizuri, dada kitini, pochi magotini. Mshereheshaji akaita wimbo wa mwisho. Taa zikapunguzwa, maharusi wakapanda jukwaani, na hapo ndipo nikaona mkunjo. Mahameli yamelegea upande mmoja. Fundi makochi hawezi kuuacha mkunjo, hata ukimpa dawa. Nikatambaa kwa tumbo na stepla yangu kubwa, ile ya karakana, nikapiga pini duara zima. Ta, ta, ta. Nikarudi nyuma ya pazia nikaanza kuvuta.

Jukwaa likazunguka kama ndoto. Bwana harusi akapiga hatua. Bibi harusi hakupiga. Akajaribu tena, akarudishwa nyuma. Nilikuwa nimeupigia pini mkia wa gauni lake pamoja na mahameli. Kazi safi, niseme ukweli, hakuna pini iliyokwenda kombo. Lakini mpwa wangu akaanza kulengwalengwa na machozi mbele ya ukumbi mzima. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Basi dada akasimama. Gauni lile alilishona kwa mikono yake. Akaweka pochi kitini, akapanda, akashika pindo, akalitazama. Akamwambia mwanawe atulie, kitambaa kile kikiharakishwa kitachanika, pini watazitoa wimbo ukiisha. Akataka kushuka. Mimi kwa woga nilikuwa bado navuta kamba, tena kwa nguvu zaidi. Jukwaa likamyumbisha, akamshika mwanawe kiunoni. Mpwa akamkumbatia, hakumwachia. Bwana harusi, mtoto mwenye akili, akashuka akawapisha.

Wakaanza kuyumba palepale. Dada akafumba macho. Mabega yakaanza, kisha kiuno, kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu shemeji yetu azikwe. Filimbi akapuliza ile ya pili, akaamuru mtu yeyote asiinue mguu, ni mabega na kiuno tu. Ukumbi mzima ukacheza umesimama mahali pamoja, wakidhani ndiyo mtindo. Wimbo ulirudiwa, ukarudiwa tena. Nililia nyuma ya pazia na sioni haya kuandika. Mke wangu alinifuta kwa mtandio wake, akaishika kamba yeye.

Filimbi anadai aliokoa jahazi. Masikini.

Jumatano, 12 Juni

Daktari wa meno amechukua kiti chake. Anasema kinazunguka kuliko zamani, na akauliza pambo lile jekundu limetoka wapi.

Jioni wakaja mpwa na mumewe kushukuru. Mama yake anarekebisha gauni huku anaimba, jirani wameanza kulalamika. Kisha mpwa akaniambia kwa upole kwamba Jumatatu ile alichotaka ni kitu kidogo tu: nimshike mama yake mkono, nimwinue, tucheze naye kama tulivyokuwa tukicheza utotoni. Nikamwambia nimemwelewa sana. Mke wangu akakohoa.

Binti wa Filimbi anaolewa Desemba. Dada amenitumia salamu: safari hiyo atacheza na mimi, tena chini, sakafuni, bila mashine. Nimeguswa. Na ana hoja. Jukwaa lile lilikuwa fupi, waliokaa nyuma hawakumwona vizuri.

Leo kinyozi ameleta kiti chake kishonwe, kile ukikanyaga kinapanda juu. Nimemwambia akifuate mwakani.