Dereva ni Aketiye Kulia

Ndugu wananchi wa Same, wa milimani na wa tambarare, furahini! Kamati ya Kuwazoesha Wageni Barabara Zetu imelimaliza tatizo la usukani wa kushoto. Aliyelimaliza ni mimi, Hezroni, Katibu wa Kamati. Taarifa hii naiandika nikiwa kwenye benchi la polisi, kwa sababu nitakazozieleza kwa utulivu.

Tatizo lenyewe ni Tomaso, fundi mitambo aliyetoka Burundi kufanya kazi shamba la mkonge, akaoa kwetu Vudee. Alikuja na pikapu yake, Pijo. Huko kwao dereva huketi kushoto. Sisi huketi kulia, tangu Uhuru na hata kabla. Sasa mgeni anaingia nchini, anaketi kinyume chetu, halafu anawapeleka wagonjwa wa Vudee hospitali bure, na watu wanamshangilia! Ile ilikuwa dharau.

Kamati ikakaa. Usukani hatukuweza kuuhamisha, basi tukamhamisha dereva. Tukapitisha kanuni: dereva ni yule aketiye kulia, bila kujali usukani uko wapi, na mgeni aketiye kushoto ni abiria anayeshika usukani kwa niaba. Hapo kulia ataketi raia mwaminifu aliyeteuliwa na Kamati. Nikateuliwa mimi. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, jambo lililonipa sifa ya ziada, maana sikuwa na mazoea mabaya. Kanuni nikaibandika mwenyewe kwenye vituo vyote vya polisi.

Bila mimi gari lilikuwa haliondoki. Nikitaka kwenda kwa shemeji yangu Maore, linakwenda. Wagonjwa walisubiri ratiba.

Jumapili hii nilikuwa Vudee, nakula kuku kwa mzee wa kanisa. Tomaso akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Shikamoo Ndugu Katibu. Mke wangu Rogathe ana uchungu tangu jana. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Twende Same, nakuomba!"

"Marahaba. Ngoja nimalize paja hili."

"Atanifia, Ndugu Katibu!"

"Dereva haharakishwi."

Kwenye gari ukazuka mjadala. Mbele kuna viti viwili tu, na Dorkas, mama yake Rogathe, alitaka binti yake aketi mbele.

"Haiwezekani, mama," nikamweleza. "Hicho ni kiti cha dereva."

"Dereva gani? Mkononi una nini wewe, zaidi ya mfupa wa kuku?"

"Nina mamlaka, mama."

"Haya, baba. Yashike vizuri, yasije yakadondoka kwenye kona."

Rogathe akalazwa nyuma juu ya godoro, mama yake amemkumbatia. Tukateremka. Kila kona nilitoa kibali: "Pinda!" Tomaso alikuwa ameshapinda, lakini utaratibu ni utaratibu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni Rogathe alipiga yowe. Nikamwagiza apunguze sauti, kwani alikuwa ananivurugia umakini. Tomaso alikuwa analia huku anaendesha, kitu ambacho abiria hatakiwi kukifanya.

Barabara kuu tukakuta kizuizi. Siku hizi magari ya watu binafsi hayatembei Jumapili mchana, tunabana mafuta. Koplo Linus akainama dirishani.

"Dereva nani hapa?"

Tomaso akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Mimi! Soma kanuni, iko ukutani kituoni kwenu."

"Nimeisoma. Leseni?"

"Leseni ya nini? Mimi naketi tu."

Koplo akachungulia nyuma, akamwona Rogathe. Uso ukambadilika.

"Yaani mgonjwa wa hali hii umemlaza huku, wewe umejikalia mbele? Shuka!"

"Lakini koplo, anayeendesha ni huyu mgeni!"

"Huyu? Huyu abiria. Si umeandika mwenyewe?"

Koplo na Tomaso wakamnyanyua Rogathe, wakamketisha kulia. Koplo akamwuliza kwa upole, "Dada, wewe raia?"

"Mpare wa Vudee," akajibu huku meno ameyauma. "Unataka nikuimbie wimbo wa taifa?"

"Basi dereva ni wewe. Nendeni, mgonjwa hana Jumapili."

"Hata yeye hana leseni!" nikapiga kelele.

"Nitamwandikia kesho. Kwanza azae."

Mimi nikaletwa hapa kituoni kama dereva asiye na leseni, na jioni habari zikatufikia. Mtoto wa kike amezaliwa getini pa hospitali, gari likiwa limesimama, kwenye kiti kile kile cha kulia. Yeye mzima, mama yake mzima. Kwa mujibu wa kanuni yangu, huyo ndiye dereva mdogo kuliko wote Tanzania, naye hana leseni. Nikamwuliza Koplo Linus, kwa nia njema kabisa, kama atamshitaki.

"Yule alikuta gari limeshasimama," akasema, akaniamuru nivue mkanda na viatu.