Sufuria ya Mama Ciru na Umaarufu Wangu

Jumatatu, 8 Juni 2009
Tovuti yangu ya kahawa imetimiza wiki mbili. Wageni wanne. Watatu ni mimi. Wa nne ni Muthama, mwenye saiba, duka la intaneti, huko River Road, aliyenitengenezea tovuti yenyewe, na alikuwa akijaribu tu kama inafunguka. Nilimwambia dunia bado haijaamka. Akasema imeamka zamani, inakunywa chai.

Jioni nilikaanga kahawa kwa kikaango cha mayai. Upande mmoja mkaa, upande mwingine mbichi kabisa. Peres, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa mtaa wa Satellite, alikuja kuuliza ni nani anachoma viatu. Niliumia. Siku moja mwanamke huyu atajisifu kwamba aliwahi kuishi karibu nami.

Jumatano, 10 Juni
Bahati imebisha! Ciru, mchumba wangu, ameniletea sufuria kubwa ya mama yake, ile ya harusi na matanga. Jumapili baba yake, Mzee Mbugua, anakuja kutoka Murang'a kuona binti yake ataolewa mahali gani, na chai ya wazee lazima itoshe. Mzee hajasema ndiyo wala la. Atasema baada ya chai. Ciru alinionya mara tatu nisiiguse sufuria.

Sikuigusa. Niliitazama tu. Lakini kitako kinene vile! Moto ungesambaa sawasawa, kila punje ingeiva kama mwenzake. Mtu anayeijua kahawa angefanya nini? Niliiteleka jikoni nikamwaga kahawa yote.

Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipotoka nje kuupiga moshi picha kwa ajili ya tovuti. Moshi wa kupendeza sana. Ukazidi kupendeza. Peres akamwaga ndoo ya maji kupitia dirishani, nusu kwenye sufuria, nusu kwangu. Kahawa ya chini imegandamana kama lami, ya juu nimeihifadhi koponi. Nilionja kidogo. Ina ladha ya ushindi, na ya tairi kwa mbali.

Alhamisi, 11 Juni
Majivu. Mchanga. Waya wa kusugulia. Magadi. Kucha zangu. Hakuna kilichobanduka.

Mchana nilikwenda kwa Muthama nikaandika ukurasa mpya: jinsi bingwa anavyokaanga kahawa katika sufuria ya mama mkwe mtarajiwa, na jinsi ya kuisafisha ikiungua. Niliandika kwamba magadi na siki zimeirudisha iking'aa kama kioo. Si kweli, lakini tovuti ya bingwa haiwezi kuwa na msiba peke yake. Nikaweka picha ya moshi, na chini yake jina langu lote, Kibe wa Satellite.

Jioni Ciru akaja kuangalia sufuria. Nilimwambia Peres aliiazima kwa nguvu akachemshia maharagwe akasahau. Ciru aliitazama sufuria, akanitazama mimi, akaibeba akaenda zake. Nadhani aliniamini.

Ijumaa, 12 Juni
Mungu mkubwa! Wageni mia tatu na kitu. Sikuamini, nikamwomba Muthama aizime kompyuta na kuiwasha. Wakaongezeka. Dunia imeamka, na inanusa!

Nilimpigia Mzee Mbugua simu papo hapo kumjulisha kwamba mkwe wake ni mtu mashuhuri. Akauliza kama nimeshtakiwa.

Jumamosi, 13 Juni
Muthama amenionyesha maneno ambayo watu huandika wakitafuta, hadi wanaangukia kwangu. Nilitarajia kahawa ya Kenya, bingwa wa kahawa. La. Sufuria imeungua nifanyeje. Sufuria imeungua chini nyeusi. Nimeunguza sufuria ya mama. Nairobi, Mwanza, Tanga, hata Mswahili mmoja aliye Ujerumani, maskini. Kumbe Afrika Mashariki nzima inaunguza sufuria na hakuna aliyewahi kuwaandikia kwa lugha yao.

Hakuna hata mmoja aliyefungua ukurasa wa kahawa.

Muthama pia amenionyesha ofisi ambazo wageni wanatokea. Mmoja alikaa kwenye ule ukurasa nusu saa. Alitokea kwenye ofisi moja ya Kilimani. Ofisi ya Ciru. Niliomba kiti.

Jumapili, 14 Juni
Ciru alifika mapema na sufuria inayong'aa. Nikashangaa, nikauliza kama ni magadi na siki. Alisema magadi na siki hazikufanya kitu. Alikwenda kwa Peres kumgombeza kwa kuunguza sufuria, akajua yote, na Peres ndiye aliyemsaidia kuisugua. Halafu akaniambia polepole, "Kibe, leo ni chai. Ukitaja kahawa, baba atausoma huo ukurasa wako, na mimi nitamshikia miwani."

Nampenda Ciru, na bila yeye sijui nitaishije. Niliamua kufunga mdomo.

Mzee aliketi, akanywa vikombe viwili, akauliza huo umashuhuri ni wa nini hasa. Nilikohoa. Ciru alikuwa akinitazama. Lakini hata Mzee mwenyewe alikuwa amenusa, maana mapazia yangu hayajapona. Akasema amechuma kahawa tangu utoto hadi alipoing'oa mibuni yake, na hajawahi kuionja. Kwao ilikwenda yote kiwandani, nyumbani wakanywa chai. Akataka kikombe. Yeye mwenyewe! Sikuitaja mimi!

Nilimpikia ile ya Jumatano, ndiyo pekee iliyobaki. Alimeza. Machozi yakamlengalenga.

"Miaka yote hiyo nilifikiri wale watu wa kiwanda walikuwa wanatuibia," akasema. "Kumbe walikuwa wanatuonea huruma."

Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema ndiyo! Mtu ambaye hata mapazia yake yanamsema hataweza kumdanganya mkewe, alisema. Sharti ni moja, kahawa yangu asipewe binti yake. Ciru akaongeza la pili, nifute ule ukurasa, nisiiguse tena sufuria ya mama yake. Niliapa mbele ya wote. Nililia kidogo, kwa furaha na moshi wa zamani.

Jumatatu, 15 Juni
Nimeufuta ukurasa. Wageni wanne. Watatu ni mimi.

Muthama anasema watu bado wanautafuta, wanakuta mlango umefungwa. Inasikitisha. Watu wanateseka na sufuria zao, na bingwa amekaa kimya. Mimi ni mtu wa neno langu. Niliapa kuhusu sufuria ya mama Ciru, na sitaigusa.

Peres amesafiri kwenda Busia hadi Alhamisi. Amenunua sufuria mpya juzi, kitako kinene ajabu. Ufunguo wa nyumba ameniachia mimi, nimwagilie mboga yake ya sukuma wiki.