Kostime ya Papa Inspekta

Bandugu ya groupe, leo haya imenikula muzima muzima, ata mifupa haikutema. Imenikulia muchana kweupe, mbele ya bamama ya kwaya.

(Mwenye anataka kucheka aanze sasa, amalize mbele sijafika mwisho.)

Kwanza mujue niko nani, juu humu ndani kuko bantu bapya. Miye njo Patron Mukasi, fundi wa nguo wa Katuba. Shule nilisoma mpaka ya ine primere. Siku moja nikaona mwalimu wetu anafundisha na suruali ya kupasuka matakoni, nikajiuliza: huyu atanionyesha njia gani? Nikatoka Kasenga na mukasi moja na kifuko ya samaki ya kukauka. Leo sina shefu. Hakuna muntu wa kuniambia "kuya saa moja". Shefu ni miye, mutumishi ni miye, likizo najipa mwenyewe (bado sijajipa). Benye diplome banakuya kwangu kupimwa kiuno, na miye nabaambia: "Simama muzuri. Inua mikono." Na banainua! Daktari aliinua. Avoka wa mahakama aliinua. Nani mwingine ndani ya Katuba anainulisha avoka mikono?

Basi, leo ilikuwa siku yangu kubwa. Kuko kwaya moja ya Ruashi, inatimiza miaka makumi mbili na tano, na banataka kuvaa sawasawa: banaume kostime, koti na suruali; bamama kanzu. Bantu makumi ine! Makumi ine, kushonewa na mukono moja! Kamati yao ikaita bafundi kuonyesha kazi. Mwenye atachaguliwa, siku ya jubile muji muzima utaona mukono yake imesimama mistari ine mbele ya altare, inaimba. Kiisha pale hautafute tena kazi. Kazi njo itakutafuta, itapiga hodi, itangojea kwenye kiti.

Na shida yangu ilikuwa hii: nilikuwa nimeisha kutangaza. Tangu Jumatatu nilibaambia bajirani. Nilimuambia mama-mukwe wangu. Niliandika humu humu: "Kazi ya kwaya iko mukononi." Mulinitumia pongezi na picha ya maua. Njia ya kurudi nyuma haikukuwa tena.

Asubuhi nafungua kabati. Bandugu, musiambie muntu: fundi hana nguo. Suruali yangu iko na chaki kwenye magoti. Shati ya muzuri iko na alama ya pasi mugongoni (nilijichomea mwenyewe, nilikuwa najisifu kwa telefone). Utaendaje kuomba kushonea bantu makumi ine, na weye mwenyewe uko sawa gunia?

Njo nikageuza shingo. Juu ya musumari, kostime ya Papa Tshimanga ilikuwa inaniangalia.

Kostime ile! Bluu ya kukolea. Mabega imekaa sawa meza. Na kitambaa ya ndani haikukuwa ya kununua. Papa Tshimanga, inspekta wa mashule mwenye kupumzika, aliniletea kikwembe, kitenge ya manjano na maua mekundu, ameikunja kama barua. Akaniambia, sauti chini: "Fundi, ni kikwembe ya bibi yangu ya siku ya ndoa yetu. Nimeitoa ndani ya sanduku yake, hajue. Karibuni banaleta mahari ya binti yetu wa mwisho. Nitasimama mbele ya bukwe yote, bakwe zetu bapya, nitafungua koti, na mama ataona." Nilimuambia, "Papa, siri hii imekufia kwangu."

Nguo ilimalizika tangu Jumatano. Lakini juzi alipopiga, nilimuambia kuran imekatika, umeme hakuna. Leo asubuhi akapiga tena, mahari ni kesho, namuambia: "Papa, kuran bado. Inabakia vifungo tu. Kuya saa kumi." (Bafundi benzangu, musinikane. Nguo tunaitoaka siku ya mwisho. Ukiitoa mbele, mwenyewe anapata wakati wa kutafuta makosa.)

Bibi yangu akaniona nainyosha mukono kwenye koti.

"Baba Chantal, hiyo ni nguo ya muntu."

"Naijaribu tu. Muntu wa kutengeneza motokari haiendeshe kwanza?"

"Mpaka Ruashi?"

Nikatia mukono ndani ya koti. Mwanaume wa kujitegemea hajibu kila swali. Lakini suruali, Papa Tshimanga iko mwembamba, na miye... tuseme Mungu amenibariki kwa mbele. Nikavuta pumzi, nikafunga kifungo, nikaapa sitapumua mpaka nirudi.

Pikipiki ya teksi niliipanda kwa upande moja sawa mama, na plastiki chini ya matako, juu vumbi nyekundu isichafue suruali. Dereva akanitazama katika kioo. "Patron, unaenda kuoa?" Nikamuambia: "Naenda kuoa kwaya nzima!"

Nikafika. Ndani ya salle ya parokia, bamama kumi na moja ya kamati, nyuma ya meza ndefu. Katikati, Mama Presidente, mama Béatrice, mama mukubwa wa sauti na wa mwili, miwani kwenye ncha ya pua. Sijawahi kumuona. Fundi mwenzangu moja tu alikuwa amekuya, anaitwa Jérôme, na shati nyeupe ya kungaa, anabaonyesha picha ndani ya telefone. Picha! Nikamungojea amalize, kiisha nikasimama katikati.

"Bamama, miye sina picha. Picha njo miye."

Nikageuka polepole. Bamama bakaanza: "Eeeh! Eeeh!" Bandugu, mulipashwa kuwa pale! Nilikuwa nawaka!

"Kostime hii nilijishonea mwenyewe, kwa mwili wangu. Ndani ya Lubumbashi hamutaona ya pili."

Mama Presidente akauliza: "Na kuran ikikatika, Fundi? Jubile haingoje. Fundi wetu wa mwaka ule alituweka mwezi muzima, kuran, kuran, kuran."

Hapo nilicheka kwa zarau. "Mama, kuran ni ugonjwa ya bafundi ya sasa. Machine yangu ni ya kukanyaga. Miguu yangu haikatikake!"

Bamama bakapiga makofi. Jérôme alianza kuweka telefone mufukoni. Niliona kwaya imeshasimama mistari ine. Na pale, bandugu, pale njo shetani akanishika mukono. Ningekaa chini, ningekuwa sasa nakunywa. Lakini nikasema: "Na bado hamujaona ndani!"

Nikafungua koti. Paa! Manjano na maua mekundu.

Bamama kumi bakapiga vigelegele. Moja hakupiga. Mama Presidente alishusha miwani, akainuka, akazunguka meza, akashika ile kitambaa na vidole viwili.

"Kikwembe hii uliitoa wapi, Fundi?"

"Ya mama yangu, Mama. Marehemu. Niliitia hapa juu ya kumukumbuka."

(Mama yangu iko Kasenga, muzima kabisa. Jana usiku alinitukana kwa telefone juu ya sukari.)

"Pole," akasema. Lakini vidole havikuacha. Vikatembea, vikatembea, vikafika chini ya kwapa. Vikasimama. "Na hapa, fasi hii ya kuungua na pasi, imeshonwa na uzi ya nyeusi... ni mama yako marehemu njo aliunguza?"

"Ni... ni yeye, Mama."

"Asubuhi ya ndoa yangu njo niliunguza hapa. Uzi ya manjano haikukuwa, dada yangu akashona na ya nyeusi. Kikwembe yangu imepotea ndani ya sanduku yangu wiki mbili sasa. Nimemutukana mutumishi. Nimemutukana binti yangu!" Na sauti ile ya kuongoza kwaya ikafunguka yote: "MWIZI!"

Mawee, nimekufa! Bamama bote bakasimama. Nikataka kusema kitu, lakini siri ya Papa Tshimanga ilikuwa imekufia kwangu, nilikuwa nimeapa. Nikisema, namuuzisha muzee. Nikinyamaza, miye mwizi wa masanduku. Na pumzi nilikuwa bado nimeizuia.

Mulango ikafunguka. Muzee mwembamba akaingia na kapu ya soko mukononi.

"Mama Béatrice, twende kwanza, muchele ya kesho..."

Ilikuwa Papa Tshimanga. Akaona bibi yake. Akaona koti. Akaniona miye ndani ya koti. Akaweka kapu chini, taratibu, sawa muntu anaweka yai. Na kwa ile heshima yote ya inspekta, akaniuliza:

"Fundi Mukasi. Kuran imerudi?"

Jérôme, nyoka ile, akajibu mbele yangu: "Papa, yeye anakanyagaka na miguu. Ametuambia sasa hivi."

Hapo njo nilipumua. Kosa. Kifungo ya suruali iliruka, ikapiga meza, ko! Ikazunguka, ikalala mbele ya sekretere. Bamama bakacheka mpaka moja akaanguka toka kwenye kiti.

Mama Presidente hakucheka. Alikuwa anamuangalia bwana yake. "Baba, weye njo ulifungua sanduku yangu?"

Papa Tshimanga akainamisha kichwa sawa mutoto wa shule. "Nilitaka uione kesho. Mbele ya bukwe. Nilitaka bajue ni nani alinivalisha tangu zamani."

Mama akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha, akaitoa tena. Mama moja nyuma akasema "Yesu wangu" polepole. Na miye, bandugu, katikati ya mapendo yao, nashika suruali na mikono mbili.

Kiisha Papa akakumbuka niko pale.

"Vua."

"Papa, hapa?"

"Hapa. Ukitoka na hii nguo mpaka Katuba, kesho nitaikuta kwa ndoa ya muntu mwingine."

Bakaniingiza nyuma ya pazia, bakanitupia kanzu ya kwaya ya zamani. "Iko ya soprano," mama moja akasema, "zingine ziko kwa kufuliwa." Ilifika kwenye magoti. Kwa kifua ilikatala kabisa kufunga. Natoka: soksi nyekundu, viatu ya kungaa, magoti inje. Bamama bakaanza kuimba! Wimbo ya kupokea Askofu! Na sauti ya pili, na sauti ya tatu!

"Sasa kaa," Mama Presidente akasema, "ushone kifungo ya bwana yangu. Mbele yangu."

Nikakaa. Sindano natembeaka nayo. Nikapitisha uzi kwa mara moja. Juu haya ni haya, lakini kifungo ni kifungo. Nikashona, nikafunga uzi, nikauma mwisho, nikapangusa jasho yangu kwenye kola ya koti, nikanyosha mikunjo na kiganja. Mama alikuwa anaangalia vidole tu. Papa akavaa koti. Bandugu, nitasema ukweli ata nikiwa na kanzu ya soprano: ilimukaa! Mabega, kiuno, mikono, yote! Muzee akarudi miaka makumi tatu. Mama akamufungulia koti, akagusa ile fasi ya uzi nyeusi.

Papa akageuka. "Na weye, Fundi," akamuambia Jérôme, "shati nzuri. Ni ya nani?"

Jérôme akaangalia shati, sawa anaikuta leo. "Papa... niliacha pasi juu ya moto." Na akatoka. Hakukimbia. Alitembea sana tu.

Bamama bakaweka vichwa pamoja. Nikasikia "mwongo", nikasikia "mikono", nikasikia "lakini mabega ile, mama, umeona mabega ile?" Kiisha Mama Presidente akasimama.

"Fundi, tuko na njia mbili. Tutafute fundi mwingine mwenye hatumujue bado bwizi yake, ao tubakie na mwenye tumeisha kuona yote, mpaka magoti. Machine yako utaileta hapa. Utashona hapa, mbele yetu, kila siku bamama mbili ya zamu. Kitambaa haitoke. Na jioni, mbele ya kwenda, utasimama kwenye mulango, utainua mikono, tukupime na macho uko umevaa nini."

"Ndiyo, Mama."

"Inua, tuone."

Nikainua. Kanzu nayo ikainuka.

Bandugu, kazi nimepata! Bantu makumi ine! Nilisema iko mukononi, iko mukononi! Nimerudi Katuba juu ya pikipiki na kanzu ya soprano, bantu babili njiani bamenipigia magoti, bakafikiri niko pasta, nimebabariki. Bibi yangu tangu saa tisa amejifungia chumbani, namusikia anacheka ndani ya muto.

Weye usicheke. Na kama uko na nguo yako kwangu, kuya uichukue kesho asubuhi na mapema, juu Jumapili nimealikwa fasi.