Kinu Huku, Mchi Ng'ambo

Kwa Mkubwa wa Watazamaji wa Amani,
Hema jeupe, nyuma ya choo changu.

Mheshimiwa mjukuu wangu,

Shikamoo zako huwa nazipokea, marahaba. Leo nakuandikia kwa mkono wangu. Nimeishia darasa la pili, kwa hiyo usitafute makosa, tafuta maana.

1. Mlisema mmekuja kutazama vita. Vita vikaja, mkatazama. Risasi zikatoboa pipa langu la maji, mkahesabu matundu, mkaandika, mkanywa chai. Matundu hata mimi najua kuhesabu. Ni saba.

2. Mdogo wangu anakaa ng'ambo ya waya wa mpaka, hatua arobaini tu. Marehemu mama alituachia kinu na mchi. Kinu kiko kwangu, mchi uko kwake, na hakuna anayetwanga. Kila asubuhi nilikuwa namwita mwizi, naye ananiita mchawi, kisha kila mtu anakwenda kuwasha moto wake. Ndivyo tulivyokuwa tukijuliana hali. Ninyi mkaandika, "Mapigano ya maneno, pande mbili." Pande gani? Tumetoka tumbo moja.

3. Ikaja karatasi yenu: waliopigana wakae mbali na waya, hatua mia tano. Basi mimi nalala jikoni kwa wifi yangu, kikongwe mzima. Wenye bunduki wamebaki palepale wayani, maana wao hawakutukanana.

4. Nikaona nami nitazame. Kila nikiwaletea maziwa, maana mwenye maziwa mnamruhusu kufika, nakuta dereva wenu na mpishi wenu wanagombania sufuria. Nimeyaandika yote. Kwa sheria yenu wenyewe, dereva arudi nyuma hatua mia tano na mpishi hivyohivyo, na chakula upike wewe.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mfunge hema mwondoke kabla ya Ijumaa. Vita vyetu tutavitazama wenyewe, macho tunayo.

Nisalimie wote hapo hemani, hata huyo mpishi. Yule mrefu anayeandika kutwa mwambie akate kucha.

Ni mimi bibi yenu,
mwenye pipa la matundu saba.

Nyongeza: Kabla hamjafunga chochote, elekeza hiyo darubini jikoni alikohamia mdogo wangu huko ng'ambo. Alikuwa anakohoa kabla hamjatuhamisha, na kutoka huku kwa wifi macho yangu hayafiki. Ukiona moshi, mwambie ni mwizi. Usipouona, msiende popote. Ninyi ndio mnaoruhusiwa kuvuka. Vukeni, na kile kinu mpelekeeni.